Naandika kila siku ninavyojisikia ila nikipata habari njema sina wa kumpigia. Kuna mwingine yuko hivi?

Kalamu_Kavu (mleta mada)

Habari zenu wadau. Mimi ni msomaji wa kimya humu, huwa napita nasoma nacheka naondoka, ila leo nimeamua nijitose kwa sababu hili jambo nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka nalo.

Iko hivi. Mimi ni mtu wa kuandika. Kila usiku kabla ya kulala lazima niandike nilivyojisikia siku hiyo, mengine yanabaki kwenye daftari na mengine nayaweka hadharani watu wasome, na wanasoma kweli, wananiambia umeongea yangu, umenigusa, usiache kuandika, na mimi pale moyo unakuwa mwepesi. Basi hiyo raha inakaa kidogo halafu inaisha, nabaki nimeshika simu tu.

Sasa juzi kati hapa nimepata habari njema, kitu nilichokihangaikia muda mrefu kimekubali, nikashika simu nimwambie mtu. Nikapandisha majina nikashusha, nikapandisha tena. Majina yapo mengi tu. Ila kila niliyemfikia naona huyu itabidi nianze kumweleza kuanzia mwanzo hiyo kitu yenyewe ni nini na kwa nini kwangu ni kubwa, mpaka nimalize kueleza utamu wenyewe umeshaisha. Nikaiweka simu nikaandika. Na hapo ndipo nilipoogopa, maana siku zote nilijua upweke ni pale unapolia huna wa kukubembeleza, kumbe hata furaha inaweza kukukuta huna wa kumpa.

Marafiki nilikuwa nao, sio kwamba nimezaliwa hivi. Hatukugombana na mtu. Mmoja alioa, mwingine kazi ikamhamisha, mwingine tulinyamaziana tu, mimi nasubiri aanze na yeye nadhani anasubiri nianze, siku zikaenda. Kiukweli sina shida kubwa, kazi ipo, afya ipo, nalala vizuri. Ila siku zimekaa flati, hazina juu hazina chini.

Ninachouliza, hii ni dalili ya ugonjwa au ndio utu uzima wenyewe? Na hii kuandika inanisaidia au inanificha? Mwenye uzoefu aniambie, matusi mniwekee akiba.

Pweke_Mchangamfu

Karibu chamani mkuu. Wanachama tuko wengi sana, tatizo hatujuani 😂

Hiyo ya kupandisha na kushusha majina umenisema mimi kabisa, na mimi huwa naishia kumtumia mtu picha ya kuchekesha badala ya kile nilichotaka kusema. Nimekaa hapa nasubiri majibu ya wakubwa.

Binti_Wino

Mimi nijibu hilo la kuandika maana nimeishi nalo miaka. Mkuu, kuna kuandika kunakokutoa mahali na kuna kuandika kunakokuweka pale pale, na ukiwa ndani yake huwezi kujua uko kwenye ipi kwa sababu zote mbili zinakupa ule wepesi wa usiku huo.

Kuna siku nilikuwa natafuta kitu kwenye madaftari yangu ya zamani nikajikuta nimekaa chini nasoma, jamani, lalamiko ni lile lile, yaani ungefuta tarehe usingejua ni mwaka gani. Mtu yule yule, neno lile lile alilonitamkia, na mimi nauliza kwa nini mimi, kwa nini mimi. Nilikuwa sijatoka kwenye kile chumba cha huzuni, nilikuwa nakifagia tu kiwe kizuri cha kukaa.

Kilichonisaidia ni kubadilisha swali. "Kwa nini niko hivi" nimeifukuza kazi. Sasa hivi naandika nini kimetokea, nilitaka nini, kesho nafanya nini, hata kama ni kitu kidogo kama kumjibu mtu meseji iliyolala. Kama hakuna cha kufanya naandika hakuna cha kufanya na nafunga nalala.

Na jingine, hili la kuweka hadharani. Ukiona unaandika huku unawazia watakavyokusifu, ujue hapo huandiki tena hali yako, unaandika mtu mwingine mwenye shida nzuri kuliko zako.

Mshauri_Kimya

Nafanya kazi ya ushauri nasaha kwa hiyo nitaandika ndefu kidogo mnivumilie. Na mkuu sikupimi, mtu hapimwi kwa maandishi.

Kuandika kunasaidia, hilo limeshafanyiwa utafiti siku nyingi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha kazi yao ya kwanza kuhusu hili, walichukua wanafunzi wa chuo wakawaambia waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, wengine waandike vitu vya kawaida tu na wengine waandike yale mazito yaliyowahi kuwakuta. Sasa wale walioandika tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia walinyanyuka pale wana huzuni zaidi, sio pungufu, ila miezi iliyofuata walienda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Hapo kuna kitu watu wanakiruka: ni siku 4. Hakuna aliyewaambia waandike kila usiku mpaka wazeeke. Na tafiti zilizokuja baadaye ni nyingi, ukizijumlisha faida inaonekana ipo lakini ni ndogo, kwa hiyo anayekwambia daftari linatibu kila kitu huyo anataka kukuuzia daftari.

Pennebaker baadaye akarudi kuyaangalia maneno yenyewe ambayo watu wanatumia, akaona waliofaidika zaidi ni wale ambao kadiri siku zinavyokwenda maneno kama "kwa sababu" na "nimeelewa" yanazidi kwenye maandishi yao, yaani stori inatembea, leo sio ya jana. Ndicho alichokiona Binti_Wino sakafuni na madaftari yake bila kwenda maabara. Ile ya kurudia huzuni hiyo hiyo kichwani bila kufika popote, Susan Nolen-Hoeksema aliisoma kwa miaka mingi akaonyesha kwamba inairefusha huzuni badala ya kuimaliza.

Na usidhani ukipata rafiki ndio umepona hapo hapo. Amanda Rose mwaka 2002 aliwaangalia watoto na vijana, akakuta marafiki wanaokaa kuchambua matatizo yao tu, asubuhi matatizo jioni matatizo, wanakuwa karibu sana kweli, lakini hao hao ndio wenye dalili nyingi zaidi za sonona, yaani ile huzuni ya ugonjwa, na wasiwasi. Kwa hiyo rafiki wa kulia naye tu sio lengo.

Sasa hilo la ugonjwa. Kwenye sonona tunaangalia huzuni, au kupoteza hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na haiji peke yake: usingizi unapotea au unazidi, hamu ya kula inabadilika, uchovu usioeleweka, akili haitulii kwenye kitu, unajiona hufai, unafikiria kifo. Wewe umesema unalala, na umefurahia habari yako mpaka ukatafuta wa kumwambia. Mtu aliyekamatwa na sonona mara nyingi hata hiyo furaha yenyewe haifiki. Lakini flati hiyo ikianza kugusa usingizi na kazi usiendelee kutuuliza sisi, nenda kamwone mtaalamu ana kwa ana. Na yeyote anayesoma hapa ambaye anawaza kujidhuru, huyo asihesabu wiki, amwambie mtu leo na aende hospitali iliyo karibu.

MzeeWaMapema

Mimi niwe wa kupinga kidogo. Mbona kila mtu anataka kumtibu huyu kijana? Mtu ana kazi, ana afya, analala usiku anaamka asubuhi, siku zake hazina juu wala chini, jamani hayo ndio maisha ambayo wengine wanayaombea. Siku kuwa flati sio ajali. Nyie mmezoea kuona meno ya watu kwenye simu mkadhani kila mtu anaamka akicheka.

Hii furaha mnayoitafuta ndiyo inayowachosha. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Iris Mauss, mwanangu ndiye aliyenisomea, mwaka 2011 yeye na wenzake walionyesha kwamba watu wanaoithamini furaha kupita kiasi ndio wanaoambulia kidogo, tena pale pale ambapo mambo yao yako sawa, maana anayetegemea kufurahi sana akifurahi kidogo anaona ameibiwa. Nikasema hiyo mbona naijua, nimewaona watu kwenye sherehe zao wenyewe wamekaa wanajikagua kama wamefurahi vya kutosha.

Na kuwa peke yako sio upweke. Mimi nakaa peke yangu siku nyingi na hakuna anayenidai salamu. Nina rafiki mmoja, tunaweza kukaa muda mrefu hatujaongea, tukikutana hatuulizani ulikuwa wapi, tunaendelea tulipoishia. Mmoja anatosha. Andika kijana, achana na kuhesabu majina.

Pweke_Mchangamfu

Mzee shikamoo. Lakini wewe huyo mmoja unaye 😅 mwenzetu hana.

MzeeWaMapema

Marahaba. Haya, hiyo nakupa.

Jirani_wa_Mbali

Nimesoma wote nimeona niongee kwa sababu mimi niko upande wa pili wa hii stori.

Tuna rafiki yetu, kundi letu la tangu shule, anaandika kama wewe mkuu. Kila anachopitia anakiandika na anakiandika vizuri kweli, ukisoma unaona picha. Sisi wote tunamsoma. Unaweka laiki, unaandika komenti ya moyo, unapita. Na kwa nia njema kabisa kila mmoja wetu alikuwa anaamini yuko naye karibu, tunajua amehama nyumba, tunajua mama yake aliumwa akapona, tunajua kazini wanamsumbua. Umpigie umuulize nini na umeshasoma yote? Basi siku tumekutana, watu wanapiga stori, akasema kwa upole tu wala hakuwa na hasira, mnajua hakuna hata mmoja wenu ambaye amewahi kuniuliza kitu. Kimya. Kila mtu akawa anamwangalia mwenzake, na mwingine akataka kubisha kwamba mbona mimi najua mambo yako yote, akaishia njiani.

Maana ni kweli, habari zake zote tulikuwa nazo ila hakuna hata moja aliyompa mtu. Alitangaza, tukasikia, kama walivyosikia wasiomjua kabisa.

Kwa hiyo mkuu mimi sidhani kama watu wamekutupa. Wanaokusoma wanajiona wameshakujulia hali, na wewe ukishaandika unajiona umeshasema, kila upande unaona umetimiza wajibu wake na hakuna aliyemfikia mwenzake. Tena bora ungekuwa unaandika vibaya, mtu angeuliza hapa ulikuwa na maana gani. Nyie mnaoandika vizuri mnaandika mpaka mwisho, mnajiuliza mnajijibu, mnafunga na somo juu, sasa sisi tumebakishiwa nini zaidi ya kusema umenigusa?

Binti_Wino

Jirani hiyo aya ya mwisho umetupiga wengi kwa jiwe moja.

Kalamu_Kavu

Jirani umenimaliza. Nimekaa nimeangalia niliyoyaweka, na hamtaamini, ile habari njema yenyewe niliiweka hadharani usiku ule ule, na nimeipamba kweli kweli, mwanzo wa mashaka katikati machozi mwisho nikashukuru. Hongera zikaja nyingi. Halafu nikazima taa najiona sijamwambia mtu. Na huyu rafiki tuliyenyamaziana laiki yake ipo pale, ameweka.

Mzee nimekuelewa na hapo kwenye furaha nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani, sitafuti kucheka kutwa. Nataka mtu mmoja tu ambaye nikisema "ile kitu imekubali" anajua ile kitu ni ipi.

Sasa naanzaje? Muda umepita mrefu. Nimejaribu kuandika meseji, nimeanza na habari za siku nyingi, nikaomba radhi kwa ukimya, nikaeleza ukimya ulivyotokea, nikaeleza ninavyouona sasa nikiutazama nyuma, nimekuja kushtuka imekuwa kurasa. Nikafuta.

Pweke_Mchangamfu

Kurasa 😂😂😂 mwandishi bwana. Mtu anafungua simu anakutana na hukumu ya mahakama.

Binti_Wino

Usiandike insha mkuu nakuomba. Meseji ndefu baada ya ukimya mrefu inamtisha mtu, anaona na yeye anadaiwa ndefu ya kujibu, anasema nitajibu nikitulia, na kutulia kwenyewe hakuji. Andika kitu kifupi ambacho kinamhusu yeye na sio hisia zako. Kitu ambacho ni nyinyi wawili tu mnakijua. "Leo nimekutana na mtu anacheka kama wewe nikageuka, uko poa?" Basi. Usiulize kwa nini tulinyamaza. Hiyo itakuja yenyewe siku nyingine au isije kabisa na bado mkawa marafiki.

Mshauri_Kimya

Namuunga mkono Binti_Wino, na niongeze kitu cha kukutoa hofu. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walichapisha utafiti kuhusu hili hili, watu kuwatafuta wenzao waliopotezana nao kidogo, kwa meseji fupi au kazawadi kadogo. Kwa wastani anayetuma anakadiria kwamba mwenzake atafurahi kiasi fulani, na mwenzake anafurahi zaidi ya hapo, na kadiri alivyokuwa hategemei ndivyo anavyofurahi zaidi. Yaani ile unayoiona aibu, kwamba muda umepita sana na utamshtua, ndiyo inayomfurahisha.

Ukiweza piga. Amit Kumar na Nicholas Epley mwaka 2021 walikuta watu wanaogopa kupiga simu wakidhani itakuwa nzito, wanaona afadhali kuandika, kumbe waliosikilizana sauti ndio waliojisikia karibu zaidi na huo uzito waliouogopa haukutokea. Kwa mtu wa maandishi kama wewe najua hii ni dawa chungu.

Na usitegemee simu moja irudishe kila kitu. Jeffrey Hall alijaribu kukadiria urafiki unachukua muda gani kukua, akapata kama saa 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana mpaka kuwa rafiki wa kawaida, kama 90 kuwa rafiki kweli, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Ni makadirio, sio sheria, na saa za kukaa ofisi moja hazisaidii sana, zinazosaidia ni zile mlizochagua wenyewe kukaa pamoja bila kazi. Ndio maana ukubwani ni vigumu, sio kwamba watu wamekuwa wabaya, saa zenyewe hazipo. Lakini na huyu wako huanzi sifuri, saa zenu mlishazikaa.

MzeeWaMapema

Hayo ya saa kumi na ngapi ngapi sijui, mimi wangu sikumpima kwa saa. Ila kwenye huo mmoja nilikuwa na maana yangu. Ule utafiti maarufu wa Harvard, ulioanza 1938 wanawafuata watu wale wale mpaka wanazeeka, anayeuongoza sasa Robert Waldinger anasema hivyo hivyo, kinachomlinda mtu sio idadi ya watu alionao, ni ubora wa uhusiano alionao nao. Unaweza kuwa ndani ya ndoa au katikati ya watu na ukawa mpweke. Kwa hiyo kijana tafuta huyo mmoja, usirudi hapa na orodha.

Kalamu_Kavu

Wadau nimerudi na mrejesho.

Nilituma kafupi kama alivyosema Binti_Wino. Akaona. Hakujibu. Nikajisemea haya yameisha, na nakiri nikalifuata daftari nikaandika ukurasa mzima kuhusu mtu aliyeona hakujibu 😂. Baadaye kabisa simu ikaita, ni yeye, neno la kwanza hata salamu hakuna: "Wewe! Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, nimekukumbuka tu. Akasema usinifanyie hivyo tena nimekaa nasubiri nitoke kazini nipige huku moyo unadunda.

Mwanzo ilikuwa ngumu sitaki kuwadanganya. Tukaulizana watoto, kazi, afya, mambo ambayo unamuuliza mtu yeyote. Kuna mahali wote tulinyamaza nikataka kuaga. Halafu ndio nikamwambia ile habari, nikajiandaa kuanza kumweleza kuanzia mwanzo kama nilivyokuwa naogopa, nimefika sentensi ya pili akanikatiza, "lakini si ndio ile uliyokuwa unaisema tangu tukiwa shule, ukasema ukishindwa mara ya kwanza utarudia, mimi nikakwambia hutarudia." Mimi nilikuwa nimesahau kama niliwahi kumwambia mtu. Akaanza kunicheka kwamba amepoteza dau. Nikamuuliza mbona uliweka laiki hukusema kitu, akasema kwani ulikuwa unaniambia mimi? Nilidhani unawaambia watu.

Hatujapanga lolote. Yeye ana pilika zake na sauti ya mtoto ilikuwa inamvuta, tumeagana hivi hivi. Na flati bado ipo, nisiseme uongo, jana imekuja kama kawaida yake. Ila nimeamua kitu kimoja, kuandika siachi maana bila kuandika sijui ninachowaza, ila habari ikiwa mbichi mtu kwanza daftari baadaye, na hadharani ikibaki chochote.

MzeeWaMapema

Safi sana. Na hiyo simu ya rafiki yako usiende kuiandika ukaiweka hadharani.

Kalamu_Kavu

Mzee si ndio nimeiandika humu sasa hivi 🙈

MzeeWaMapema

Basi angalau hujaweka somo mwishoni.

Jirani_wa_Mbali

😂😂 Mkuu jambo moja tu, safari ijayo usisubiri upate habari. Mpigie ukiwa huna la kusema. Yule rafiki yetu siku hizi tunampigia kwa zamu bila kupanga, na mara nyingi tunaongea upuuzi mtupu, ila nimeona hata maandishi yake yamepungua urefu.

Pweke_Mchangamfu

Nimempigia mmoja na mimi. Namba haipatikani. Nahamia jina la pili.

Binti_Wino

Naomba kuuliza kabla uzi haujapoa. Haya yote mnazungumzia watu walionyamaziana bila ugomvi. Na kama yeye ndiye aliyekukosea, anajua kabisa amekukosea, na amekaa kimya kama hakuna kitu, bado nianze mimi?

MzeeWaMapema

Hiyo fungua uzi wake bibie, humu tutakesha.